Bunduki ya Bwana Mkubwa: Mwongozo kwa Mnunuzi Anayeshuka Kolo

Tangu lami ya Dodoma hadi Babati ikamilike, Kolo imekuwa mahali pazuri pa kupumzisha gari na kupanda kutazama michoro ya miambani. Wengine hushuka na kamera. Wewe umeshuka na uchu wa vitu vya kale, na uchu huo unaonekana toka mbali. Dalali atakufikia kabla hujafunga mlango. Si mtu wa Kolo, naye kaja na basi. Atakwambia "shikamoo, mkuu" hata kama mmelingana umri, kisha atanong'ona kwamba ana kitu, ila si cha kuonyeshana hadharani.

Kitu chenyewe kimezongwa gunia la alizeti: shotigani ya Kiingereza ya kuwindia ndege, mitutu miwili sambamba, imekarabatiwa, kitako kimepakwa mafuta kikapakika. Usiishike bado. Hadithi kwanza, maana ndiyo inayouzwa. Aprili 1916 jeshi la Mwingereza chini ya Jenerali van Deventer liliingia Kondoa Irangi. Mei kamanda wa Mjerumani, von Lettow-Vorbeck, akashambulia usiku kutaka kuurudisha mji. Ofisa mmoja akaanguka, bunduki ikabaki kwa babu. Tarehe zote ni za kweli, na ndiyo kazi yake: uongo wa maana hujengewa msingi wa kweli. Wala usiulize ofisa alifuata nini vitani na bunduki ya kanga.

Mwongozo huu haukukatazi kununua. Unataka tu ujue unalipia nini.

Anza na mihuri. Bunduki inavunjika katikati, mitutu inatoka. Igeuze uisome tumboni. Utaona taji, moyo utaruka, utasema Mwingereza huyo. Pole. Mjerumani naye, kwa sheria yake ya 1891, alipiga taji juu ya herufi U, na hadi 1916 hapa palikuwa kwake. Bunduki nzee ya Kondoa ina haki zaidi ya kutoka Suhl, Ujerumani, kuliko London. Ukikuta ELG ndani ya umbo la yai, hiyo ni ya Liège, Ubelgiji, ambako bunduki za bei ya chini ziliandikwa "W. Richards" ili mnunuzi aliyesahau miwani asome Westley Richards wa Birmingham. Na ukikuta taji juu ya BNP, hongera, huo ni wa Birmingham kweli. Shida ni kwamba umeanza kutumika 1954. Ama bunduki ilirudishwa kupimwa upya, ama ofisa wetu alikufa ameshika silaha ambayo ilikuwa haijaundwa. Mwache dalali achague.

Mhuri si pambo. Birmingham wana nyumba ya kupimia bunduki tangu 1813: mtutu unashindiliwa kuliko kawaida, unafyatuliwa, usipopasuka ndipo unapigwa chapa. Hata ile namba 12 iliyopigwa kwenye mtutu ina maana yake: risasi 12 za mviringo zinazoenea tundu la mtutu zina uzito wa ratili moja.

Tuseme mihuri imenyooka. Mnunuzi mzembe sasa atatekwa na nakshi: waridi, majani yaliyojiviringa, mbwa kamvizia ndege. Nakshi ikifutika fundi hodari huichonga upya. Ustadi usiorudishwa kirahisi uko kwenye maungio. Mafundi wa bunduki hizi walifanya kazi na kibatari mezani. Walifukizia chuma masizi, wakakipachika mahali pake, wakakitoa, wakatazama kilipogusa, wakapitisha tupa hapo tu. Wakarudia. Wakarudia tena, mpaka masizi yakagusa sawasawa kila upande. Unywele haupiti katikati, na kilichopima ni taa ileile ambayo bibi yako aliitupa umeme ulipofika kijijini.

Kwa hiyo ondoa mbao ya mbele, funga bunduki, itikise sikioni. Ikicheza, imechoka. Ining'inize mitutu peke yake kwa kidole, igonge kwa kifundo: mizima hulia kama kengele, iliyoachia risasi ya kuungia hukoroma. Tazama vichwa vya skrubu. Mwingereza alivipanga mifereji yake yote ikalala kuelekea mdomo wa mtutu. Mifereji iliyotafunwa inakwambia bunduki ilifunguliwa kwa bisibisi ya baiskeli. Na kama kitako ni cha mninga, mbao nzuri ya kabati, jua kwamba mkarabati alikosa mjozi wa Kizungu na hakuona haya.

Kitako cha awali, kwa kuongezea, kilipimwa kwa mwili wa mtu: urefu wa mkono, shingo, hata kupindishwa kidogo upande wa jicho lake. Umevaa suti ya marehemu. Kanga watakushukuru.

Sasa jambo ambalo si mzaha. Mitutu yenye mawimbi kama nyoka inaitwa ya Dameski, ingawa mingi ilifuliwa Birmingham na Liège: vipande vya chuma na pua vikasokotwa, vikazungushiwa fimbo, vikapigwa nyundo vikashikana. Iliundwa kwa baruti nyeusi. Chemba nyingi za zamani ni milimita 65. Risasi ya dukani leo ni 70, nayo huingia bila ubishi, kisha ganda likifunguka linakosa nafasi na shinikizo linapanda. Tena ule mng'ao wa ndani unaosifiwa umepatikana kwa kusugua kutu, na kinachosuguliwa ni ukuta wa mtutu. Ukibaki chini ya nusu milimita, mkono wako wa kushoto uko karibu mno. Mwombe dalali afyatue yeye kwanza. Atakumbuka ana basi la kuwahi.

Kibali? Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 haikutaja gunia la alizeti. Polisi wa kizuizini hataki kusikia habari za van Deventer, na kanga wa mapori ya akiba ya Swagaswaga na Mkungunero wana sheria yao wenyewe.

Ukikataa, kataa kwa adabu. Dalali atafunga gunia bila kinyongo na kukuuliza kama unapendelea mali ya Mjerumani. Biashara hiyo ni kongwe huku. Chini ya miamba yenye michoro, urithi ulioandikishwa UNESCO 2006, watu wamekwisha kufukua mashimo kwa ajili ya mali hiyo. Anazo rupia, sanduku zima. Hazijachimbwa bado, ndiyo maana anakupunguzia.