Daraja la Juu, Bei ya Mnada

Kuna watu mjini siku hizi ukiwasikia utadhani wanamiliki ndege. Kumbe wanamiliki bando tu. Usiku kucha wanapekua tiketi za daraja la biashara "za bei nafuu", yaani nafuu kuliko kiwanja, si kuliko bodaboda. Watakueleza kwa utulivu wa mganga kwamba kuanzia safari Cairo au Oslo mara nyingi ni rahisi kuliko kuanzia London, hata kama ndege ya masafa marefu ni ileile. Basi mtu anakata tiketi ya pili, ya daraja la chini, magoti kidevuni, kwenda kulifuata daraja la juu lilipo. Ukubwa huo!

Halafu tuje kwenye viti. Qatar Airways walileta Qsuite mwaka 2017, kijumba chenye mlango wa kufunga. Tangu hapo asiye na mlango anapewa pole. Boeing 777 nyingi za Emirates zilipanga viti saba kwa mstari, 2-3-2, kwa hiyo yupo bosi aliyebanwa katikati, ila mwenzetu ana shampeni mkononi. Ulaya ndiyo kiboko. Safari fupi za Lufthansa au British Airways, daraja la biashara ni kiti kilekile cha kawaida, cha katikati kikiachwa kitupu. Unamlipia nauli jirani asiyekuwepo! Na pazia la kuwatenga na abiria wa nyuma, jamani, tusilisahau pazia.

Nairobi hadi Mombasa angani haifiki saa moja. Yupo anayeulizia kama kiti kinalazika.