Bendera ya Kurudi Nyuma

Mwaka 2008, nikiwa najidai mjuzi wa kompyuta katika Kasulu nzima, dai ambalo halikupata mpinzani kwa kuwa washindani walikuwa wachache, nilitunga programu ya kuhesabu maharage ya ghala moja la Kibondo. Iliyapanga majina ya wakulima kwa alfabeti, na kila baada ya sekunde kumi mfumo wa Linux uliipelekea ishara iache shughuli iliyo nayo, inakili orodha yote katika daftari la akiba, kisha irejee kazini. Haukupita muda karani wa ghala akanipigia simu.

“Shikamoo, Mwalimu. Samahani, sisi hapa tunauza maharage au dhahabu?”

Bei ya kilo moja ilikuwa imepita shilingi bilioni, hata mwenye madebe mawili angaliweza kuinunua Kigoma pamoja na reli yake. Niliituhumu jenereta, nikaituhumu radi, ambayo katika milima ya Buha haikosi kesi ya kujibu, hata karani mwenyewe, Mola anisamehe, nilimtuhumu kwamba anabonyeza vitufe kwa vidole vya mafuta ya migebuka. Safari tatu nilikwenda Kibondo, na kila nilipoketi mbele yake mashine ilihesabu kwa adabu ya mwari, mpaka nilipoipa mgongo.

Safari ya nne nilipanda lori, mvua ikinyesha. Tulipokutana na basi penye tope, dereva alitia rivasi apate kulipisha. Mara mtu akapiga ukelele kwamba gurudumu limefika ukingoni mwa mtaro, dereva akaruka chini kutazama, akimwachia usukani utingo, kijana aliyeamini kwamba gari akikabidhiwa huwa limekwisha kuwekwa sawa. Akakanyaga mafuta, macho mbele, moyo mkunjufu. Nasi sote, pamoja na mbuzi wawili na godoro la bibi harusi, tukaenda kinyumenyume hadi katikati ya shamba la mihogo.

Nikiwa chali juu ya magunia, nikafahamu.

Ndani ya prosesa za ukoo wa Intel, tangu 8086 ya mwaka 1978, imo biti moja iitwayo bendera ya mwelekeo: ikiwa chini, kunakili huenda mbele, ikipandishwa, hurudi nyuma. Kumpenyeza mkulima mpya katikati ya orodha hulazimu majina yaliyo chini yake yasukumwe kuanzia la mwisho, na bendera hupandishwa. Ishara ikibisha hodi papo hapo, keneli, kiini cha Linux, ilikuwa ikimwita mnakili bila ya kuishusha. Kompaila za GCC za zamani, zinazoigeuza programu kuwa lugha ya prosesa, ziliishusha zenyewe, kama dereva mzee ashikaye gia kabla ya kukanyaga mafuta. Toleo la 4.3 la Machi mwaka ule, ambalo mimi kwa uroho wa vitu vipya nililikimbilia, likaacha desturi hiyo, kwa hoja ya kisheria isiyo na doa kwamba kila shughuli huanza bendera ikiwa chini. Basi mnakili wangu akaenda kinyumenyume, akayazoa majina ya vijiji yaliyotangulia orodha, akayamwaga juu ya bei zilizotangulia daftari la akiba. Na herufi nne za jina la kijiji cha Makere, zikisomwa kama nambari, hupita bilioni. Kisha bendera ikarudishwa ilivyokuwa, orodha ikabaki safi, na mhalifu asionekane.

Keneli 2.6.25 ya Aprili ilikuja na dawa: bendera ishushwe kwanza. Nikaitia, bei ikatulia, nami nikamwomba karani radhi.

“Kwani ulinituhumu, Mwalimu?” akauliza. “Kwa lipi?”

Nikamwuliza mavuno ya Kibondo mwaka ule yalikuwaje.