Simu ya Nani Hiyo?

Mpiga gitaa wa bendi ya harusi ana mikono miwili na kazi ya mikono minne. Mmoja unabana nyuzi, mwingine unazicharaza, na katikati ya wimbo huohuo ampli nayo inataka kuguswa: sauti nyororo maharusi wakiingia, sauti yenye makali sebene likifumuka, mwangwi kidogo kwa ajili ya solo. Ndipo mafundi wa huko ng'ambo wakaikumbuka miguu.

Kibao cha MIDI kinalala sakafuni na vitufe vyake. Unakanyaga, nacho kinapeleka namba kwenye ampli kwa waya wenye pini tano. Humo haipiti sauti hata kidogo, na watu hawaamini nikiwaambia. Zinapita namba tu, biti 31,250 kwa sekunde, na kati ya pini hizo tano ni tatu zenye kazi; mbili zimehudhuria.

MIDI yenyewe, lugha hiyo ya namba, ilitungwa kwa ajili ya vinanda. Ilitoka mwaka 1983, baada ya Dave Smith wa Marekani na Ikutaro Kakehashi wa Japani kuwashawishi washindani wao wa biashara kwamba vyombo vya kampuni mbalimbali vielewane, na mwaka 2013 wawili hao wakatunukiwa Grammy ya ufundi. Sisi wa gitaa tulidandia baadaye. Mzee wetu wa besi hachoki kunikumbusha kwamba Mbaraka Mwinshehe alifariki mwaka 1979, kitu hicho hakijazaliwa, na hakuna mtu aliyewahi kulalamika kuwa gitaa lake halina namba. Hapo huwa nageukia kukaza nyuzi.

Ampli yangu ni mtumba wa Ulaya. Ina nafasi 128 za kuhifadhi sauti, na mwenyewe wa kwanza alishajaza 124, karibu zote za mikwaruzo, sauti za mtu aliyekuwa na ugomvi wa muda mrefu na jirani. Kuzifuta niliona si uungwana. Huenda siku moja akaja kuziulizia. Nikachukua nne za mwisho: 125 ya kuingiza maharusi, 126 ya kiitikio, 127 ya sebene, 128 ya solo.

Kibao kinahesabu kuanzia 0 hadi 127, ampli inahesabu kuanzia 1 hadi 128, kwa hiyo nikitaka 125 naandika 124. Wazungu wameandika kurasa nyingi kulalamikia jambo hili. Kwa Mswahili ni kama saa tu: simu inasema 7, sisi tunasema saa moja, na hatuchelewi kwa sababu hiyo. Tunachelewa kwa sababu nyingine.

Shida ni watu. Kibao kinakaa mbele ya jukwaa, na ukumbini mbele ya jukwaa ndiyo njia ya watunzaji. Mama anakuja akiyumba taratibu, noti mkononi, anaibandika kwenye paji la uso wangu, na kisigino chake kinatua juu ya kitufe cha solo. Ampli inapiga yowe katikati ya wimbo wa mapenzi, naye anadhani nimefurahia hela, anafungua pochi tena. Utamwambiaje mtu huyo, "Samahani mama, inua mguu"? Kiongozi wetu angenifukuza kazi usiku uleule, na angekuwa na haki.

Shela nalo lina mambo yake. Mkia ukipita unakifunika kibao chote, nami naanza kupapasa vitufe kwa ncha ya kiatu chini ya lesi. Nikibonyeza, nimekanyaga na shela. Bibi harusi anapiga hatua, shela linabaki. Kuna picha ya harusi, imetundikwa sebuleni kwa watu huko Tabata, ambayo bibi harusi anatazama nyuma kwa hasira. Wageni hudhani anamtazama mumewe.

Lakini yote haya ni madogo ukilinganisha na siku ambayo mpiga kinanda wetu aligundua kuwa naye ana tundu la pini tano.

"Kaka, tuunganishe," akaniambia. "Wewe ukikanyaga, na mimi nibadilike. Mikono yangu yote ina kazi."

"Na miguu yako?"

"Miguu yangu inacheza."

Tukachukua waya mwingine, tukautoa kwenye ampli tukaupeleka kwake. MIDI ina chaneli 16, nafasi ya kuishi kwa amani ipo. Ampli ikapewa chaneli ya 1, kinanda ya 2, na kila kitufe kikapeleka namba mbili, ya kinanda ikitangulia. Mazoezini ilipendeza hadi mzee wa besi akakohoa kwa namna ya kukubali.

Siku ya harusi umeme ukakatika wakati wa chakula. Jenereta likawashwa, taa zikarudi, wageni wakapiga vigelegele. Kile kinanda, kikizimika ghafla, kinarudi kwenye malezi ya kiwandani. Na kiwandani kilifundishwa kusikiliza chaneli zote na kutii amri ya mwisho.

MC akatangaza maharusi wanarudi baada ya kubadili nguo. Nikakanyaga 125. Gitaa likatoka safi kabisa. Mwenzangu akabonyeza kodi yake ya vidole vinne, na ukumbini zikaita simu nne.

Akina mama wote wakainamia mikoba. Mzee mmoja wa meza ya mbele alitoa simu, akaiweka sikioni, akasema "Haloo" kwa sauti ya kuheshimika. MC akawa mkali: "Jamani, simu ya nani hiyo? Tulishaomba mzime!"

Vinanda vingi tangu mwaka 1991 vinafuata orodha moja ya sauti 128. Inaanza kwa heshima, piano ya kawaida ndiyo ya 1, inapita kwenye ogani, fidla, tarumbeta, filimbi. Kuelekea mwisho, nadhani waungwana walioitunga walichoka na muziki. Namba 125 ni mlio wa simu. 126 ni helikopta. 127 ni makofi. 128 ni bunduki.

Mimi sikuwa nayajua hayo. Nilijua tu kwamba kiitikio kimefika. Helikopta ikapita juu ya maharusi kwa kodi ya vidole vinne, watoto wakatoka mbio nje kuiangalia, na MC akatangaza, bila kuulizwa na mtu, kwamba huenda mgeni rasmi ndiye anawasili. Mwenzangu alikuwa akinitazama kwa macho ambayo sitaki kuyaeleza. Sebene nalo halisubiri. Nikakanyaga 127, na kila alipogusa kinanda, umati usioonekana ukatushangilia. Wageni, kwa adabu, wakaunga mkono. Sijawahi kupigiwa makofi namna ile, na kama tungeishia hapo ningekuwa mtu mwingine.

Ila solo ni solo. Mwenzangu, kwa hasira, alikuwa ameamua kunijibu kwa kuteremka kinanda mbio kwa mikono miwili. Risasi zikamiminika. Mjomba wa bibi harusi, mwanajeshi mstaafu, alikuwa chini ya meza kuu kabla ya noti ya tatu, na alimvuta shemeji yake kumwokoa, na keki ikafuata.

Mzee wa besi akaweka gitaa chini, akachomoa waya ule wa pili, akaukunja vizuri na kuutia mfukoni. Bado anao. Akaendelea kupiga.

Juzi baba yake bibi harusi ametupigia simu. Ana binti mwingine anaolewa Desemba, anatutaka sisi tu, na anataka mgeni rasmi aingie na ile helikopta. Kiongozi amemtajia bei. Helikopta iko nje ya mkataba wa kawaida, na inalipwa kabla.