Hongera kwa Walinzi wa Schengen

Tuwashukuru wakuu wa Schengen kwa jinsi wanavyomjali mama wa Kerenge, kule Korogwe, anayetaka kumwona mwanawe anayesoma Ujerumani na kutembezwa naye kidogo. Nchi 29 za Ulaya, viza moja: ukarimu gani unaozidi huo? Ada ni yuro 90 tu, na wakikunyima viza hawairudishi, wasije wakakusumbua kuhesabu chenji. Bima iwe ya yuro 30,000, maana mkono uliolima mahindi miaka yote huenda ukateguka kwa kubonyeza lifti ya Berlin.

Kisha athibitishe kuwa atarudi. Swali la haki kabisa! Nani asiyejua kwamba mwenye shamba, wajukuu na kikoba anachokiongoza huota usiku kucha kuviacha vyote akaoshe vyombo Hamburg kwenye theluji? Taarifa ya benki nayo ni lazima. Mbuzi hawana muhuri.

Laiti utaratibu huu ungekuwapo zamani! Mjerumani Dk. Richard Hindorf asingetuletea mkonge mwaka 1893 bila barua ya mwaliko. Wenzake waliotandaza reli kutoka Tanga hadi Korogwe walizidisha siku 90 za viza, lakini hao walikuwa wageni, na mgeni kwetu hupewa kiti kwanza.