Sifa za 1111

Washairi wamesifu majahazi na mapanga, wamesifu hata tembo la mnazi, lakini hakuna aliyekaa kitako akaisifu nywila ya kiwandani: ile inayofika na mtambo ndani ya boksi, ikabaki nao hadi mtambo uchakae. Bora yao ni 1111. Haina makuu wala ubaguzi. Humpokea mhandisi mkuu kama inavyompokea kibarua aliyeajiriwa juzi, na mgeni wa ng'ambo ya bahari kama mwenyeji wa Bugoye, Uganda. Novemba 2023, huko Aliquippa, Pennsylvania, wadukuzi waliohusishwa na Iran walikiingilia kidhibiti cha kituo cha kusukuma maji. Vidhibiti vya aina hiyo, vya Unitronics, vilitoka kiwandani na 1111, na yumkini ndiyo iliyowakaribisha. Mafundi wakauzima mfumo na kuendesha pampu kwa mikono, mazoezi ya viungo ambayo nywila ngumu isingewapatia.

Ukarimu huu hautambuliki sawasawa mpaka ufike Bwera, magharibi mwa Uganda, mpakani na Kongo. Mfanyabiashara wa Mpondwe mwenye fedha za magunia mawili ya kahawa huifunika simu kwa kiganja anapobonyeza PIN. Laini yake imesajiliwa kwa kitambulisho cha taifa, na forodha haimwachi apite kwenda Kasindi, upande wa Kongo, bila karatasi. Maskini, anaulizwa yeye ni nani kila hatua! Kaskazini zaidi, mto Mubuku umebeba vituo vitatu vya umeme: cha Kilembe Mines, cha Bugoye chenye megawati 13 tangu 2009, na kile kilichojengwa kwa ajili ya kiwanda cha kobalti cha Kasese. Sisemi vituo hivyo vinatumia nywila gani. Nasema tu kwamba, kwa falsafa ya 1111, mwenye kahawa na aulizwe, bali anayefungua lango la maji aachwe apite.

Lakini sifa yake kuu ni kusitiri. Zamu tatu zikitumia akaunti moja iitwayo "opereta", kumbukumbu za mtambo zitasema opereta alifungua valvu, na opereta ni kila mtu, kwa hiyo si mtu. Kikao cha uchunguzi huisha mapema, chai ikiwa bado moto. Mwaka 2000, katika wilaya ya Maroochy nchini Australia, Vitek Boden, fundi aliyewahi kufanya kazi katika kampuni iliyoufunga mfumo wa majitaka na baadaye akanyimwa ajira na halmashauri, aliziamuru pampu kwa redio na kumwaga lita zipatazo 800,000 za uchafu. Kwa muda mafundi walidhani mitambo ndiyo mibovu. Mfumo haukumuuliza jina. Alinaswa na polisi barabarani, kompyuta na redio zikiwa garini mwake.

Wapo watakaodai dawa ni nywila ndefu, yenye herufi kubwa na alama za ajabu. Hao ni marafiki wa 1111 bila kujijua. Tarehe 23 Desemba 2015, waliozima umeme wa wateja wapatao 225,000 nchini Ukraine hawakubahatisha tarakimu: waliingia kwa majina halali na nywila halali walizoziiba, na waendeshaji wakabaki wanatazama mshale ukitembea wenyewe kwenye skrini. Nywila ikishaibwa, urefu wake humfaa mwizi vilevile. Kilichokosekana ni uthibitisho wa pili, kitu ambacho mwenye jina anacho mkononi na mwizi hana.

Pingamizi moja, hata hivyo, nalipa heshima bila kejeli. Mei 1, 2013, mto Nyamwamba ulifurika ukaikumba Kilembe, hukohuko Kasese, hospitali ikiwemo. Mwendeshaji anayetazama mafuriko kama yale, akiwa anasubiri msimbo wa SMS na mnara wa simu umeanguka, ana haki ya kuililia 1111. Ndiyo maana wapinzani wake wenye akili hawaweki kufuli kila mahali. Kitufe cha kuzima kwa dharura hakimuulizi mtu chochote. Chumba cha udhibiti hulindwa mlangoni, kila mtu na kadi yake, na skrini haijifungi katikati ya zamu. Ugumu wote huelekezwa kwa anayeingia kutoka mbali, awe mkandarasi wa Kampala au wa Ulaya: nywila yake, pamoja na msimbo wa kifaa kisichotegemea mtandao wa simu.

Ubaya wa mpango huu ni gharama, na kubwa yake si kadi. Mwaka 2021 kampuni ya Colonial Pipeline ya Marekani ilisimamisha bomba lake la mafuta na kuwalipa karibu dola milioni 4.4 wadukuzi walioingia kwa akaunti ya zamani isiyotakiwa tena kutumika, wala haikuwa na uthibitisho wa pili. Kwa hiyo anatakiwa mtu wa kupitia daftari la majina na kumfuta kila aliyeacha kazi, siku hiyohiyo anayoacha. 1111 haijawahi kudai mshahara wa karani.