Jinsi ya Kuhamia Chuo Kikuu Ukiwa na Diploma na Mfuko Mtupu

Hongera, umemaliza diploma pale Thika Technical na sasa unaitamani digrii. Mitihani ya KNEC umeishinda. Umebaki na mtihani wa karo, na huo hauna karatasi za miaka iliyopita za kujisomea.

Kabla ya kuwapigia simu shangazi na wajomba, jua unaingia chuoni kwa mlango gani, maana pesa huamuliwa mlangoni. Ufadhili wa serikali uliotangazwa Mei 2023 ulimlenga aliyepangiwa chuo na KUCCPS. Baadaye aliyewekwa kundi la 1, la wahitaji zaidi, alipewa ufadhili wa asilimia 70 na mkopo wa 25, nyumbani wakaachiwa 5. Wa kundi la 5, nyumbani waliachiwa 40. Ukijipeleka mwenyewe na diploma yako dirishani, unaweza kupokelewa kama mwanafunzi wa kujilipia, na hesabu hizo zote zikakupita. Kwa hiyo nenda JKUAT, pale Juja, umsalimie karani vizuri, umuulize: "Nikiingia kwa diploma, napitia KUCCPS au najilipia?" Usilipe hata ada ya fomu kabla hajajibu. Mount Kenya pale Thika na Zetech pale Ruiru ni vyuo vya karibu na nauli utaiokoa, ila ni vya binafsi, na ufadhili ule haukuwafikia wanafunzi wake. Wao waliachiwa mkopo.

Hili la mwenye diploma kukosa ufadhili linaniuma. Kijana aliyekosa C+ kidato cha nne, akasomea umeme miaka mitatu na kufaulu, ameshaonyesha uwezo wake. Yeye ndiye angefunguliwa mlango mpana zaidi.

Sasa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu. Mkopo wa diploma haufi ukihama. Unakufuata hadi chuo kikuu na riba yake ya asilimia 4 kwa mwaka. Ukimaliza masomo unapewa mwaka mmoja, kisha wanaanza kudai, na anayechelewa hutozwa faini ya shilingi 5,000 kila mwezi. Basi wajulishe mapema kwamba bado unasoma. Beba barua ya chuo kipya, uende Huduma Centre Thika, uongee na mtu ana kwa ana.

Basari ya CDF, mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, ndiyo yenye vituko. Fomu inataka muhuri wa chuo, sahihi ya chifu, sahihi ya mchungaji au imamu, kopi ya kitambulisho chako na cha mzazi, na mara nyingi kadi ya kura. Chifu mwendee asubuhi, kabla kesi za mashamba hazijajaa barazani. Kopi toa nyingi kwa mpigo pale saiba, kwa sababu ofisi utakayoiendea ina hakika ya kukuomba ile uliyoisahau nyumbani. Na kumbuka mipaka: Thika Town, Juja na Ruiru ni maeneo bunge matatu tofauti. Ukipanga chumba Ruiru na mama anapiga kura Thika, omba pale jina lenu linapojulikana.

Jambo linalowaumiza wengi ni hundi yenyewe. Huandikwa kwa jina la chuo, haiandikwi kwa jina lako. Ukiomba Januari ukiwa bado na namba ya chuo cha ufundi, halafu Septemba ukahamia Juja, hundi itatua kule ulikotoka na wewe utakuwa unafukuzwa darasani. Ukishapata barua ya kujiunga, nenda ofisi ya CDF siku hiyohiyo ukabadilishe jina la chuo na namba ya usajili, kwa maandishi. Baki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe. Hundi ikipotea njia, nakala hiyo ndiyo utakayomwonyesha mhasibu wa chuo cha zamani ili airudishe.