Jinsi ya Kumtafutia Mzee CG Breki Bila Kuuza Kitanda

Kwanza kabisa, usiende dukani mikono mitupu. Fungua tairi la nyuma la pikipiki yako ya Honda CG125, toa breki shuu zote mbili, zifunge kwenye gazeti uende nazo Kariakoo. Ukifika na maneno tu, "Naomba shuu za Honda ya zamani," muuzaji atakuuliza ya mwaka gani, nawe utajibu ni ya marehemu baba. Hapo atakuuzia kile kilichomkalia dukani.

Lakini kabla hujashika spana, tazama mshale. Kwenye mkono wa breki wa CG125 kuna mshale mdogo, na pembeni yake, kwenye kifuniko cha habu, kuna alama. Kanyaga breki mpaka mwisho. Mshale ukifika kwenye alama, shuu zimekwisha, hakuna mjadala. Ukizitoa, lining iliyobaki chini ya milimita 2 ni taka. Ikiwa bado nene ila imeng'aa kama kigae, kipande cha msasa kinaweza kukuokolea nauli na bei yote. Iliyolowa oili itupe, maana hata ukiiosha kwa petroli, oili imeshazama. Na vumbi lile usilipulize kwa mdomo! Shuu nyingi za zamani zilitiwa asbesto, na mapafu hayana spea. Futa kwa kitambaa kilicholoa.

Sasa habari njema. Honda ilianza kuitoa CG125 mwaka 1976, na viwanda vya China vimeiiga weee, mpaka leo. Pikipiki nyingi za Kichina unazoziona vijiweni ni wajukuu wa mzee wako, na wajukuu humtunza babu. Kwa hiyo acha kutafuta boksi lenye jina lake. Tafuta shuu inayomtosha. Iweke mpya juu ya kuukuu, mgongo kwa mgongo, ukague tundu la pini, ncha inayokaa kwenye kemu, vishimo vya springi na upana. Kimoja kikipishana, rudisha. Atakayekwambia "itajikalia yenyewe ukishaendesha" mwage kwa heri.

Zikilingana, bado. Pitisha ukucha pale lining inapokutana na chuma, mzunguko mzima. Ukucha ukiingia mahali, gundi haikushika. Mimi nililijua hili kwa gharama. Shuu za bei ya kutupwa, boksi linameremeta, hazikumaliza mwezi. Nikiwa kwenye mteremko lining ilibanduka, ikajikunja ndani ya habu, tairi likaganda. Nyuma nilikuwa nimempakia mdogo wangu. Tuliinuka wote wawili, yeye na goti lililochunika hadi nyama nyeupe. Tangu siku hiyo muuzaji akinikataza kufungua boksi, sinunui.

Kama pikipiki yako ni ya aina isiyo na wajukuu, usitupe zile kuukuu. Chuma chake mara nyingi ni kizima, na wapo mafundi wanaobandika lining mpya juu yake. Mwulize anatumia nini. Anayesema gundi ya viatu, chukua chuma chako uondoke.

Springi nunua mpya, hazina bei. Shuu za mtumba usiguse. Habu ya mtumba ni sawa, ila ipime kipenyo kwa ndani; nyingi zimechongwa humo kipimo cha juu kabisa kinachoruhusiwa. Iliyopita hapo, au iliyoliwa upande mmoja, itazimaliza shuu mpya bure.

Wakati wa kufunga, paka grisi kidogo kwenye kemu, na tone lisifike kwenye lining. Siku za mwanzo breki itakuwa nzito kushika mpaka shuu zizoeane na habu, basi nenda taratibu. Na kabla hujampakia mtoto wa mtu, tafadhali, shuka kilima kimoja ukiwa peke yako.